Saini ya Aliyesaidiwa

Mtaani wananiita Mama Amri, na sijawahi kuuliza kwa nini. Miaka thelathini nilisimamia jiko la shule, na ukipikia watoto mia sita sauti haiwezi kubaki ndogo. Nilipostaafu, nyumba ikawa kimya mpaka nikaanza kuligombeza birika.

Kwa hiyo kituo cha huduma za jamii kilipotangaza mafunzo ya wasaidizi wa mtaa, nilikuwa wa kwanza mlangoni. Wiki mbili tulifundishwa kumgeuza mgonjwa kitandani, kumsikiliza mwenye huzuni bila kumkatiza (hapo nilipata taabu), na kujaza fomu. Kitambulisho hupewi mpaka ulete fomu yenye saini ya mtu mmoja uliyemsaidia, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Nilikitaka kile kitambulisho, jamani. Nilitaka kuwa mtu anayehitajiwa tena, basi.

Kumbe mtaa wetu hauna shida! Fundi viatu nilimpangia kibanda chake, vya kushoto huku, vya kulia kule, akanifukuza na nyundo mkononi. Mjane wa nyumba ya pili nilimsikiliza nusu saa nzima bila kumkatiza, kumbe alikuwa kimya akisubiri niondoke.

Ijumaa saa nne fomu ilikuwa bado nyeupe. Alibaki mmoja tu, wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, ambaye macho yake yameingia ukungu. Miaka mitatu tulikuwa hatusalimiani, kisa redio ya kaka, ambayo wifi alikataa kunipa baada ya msiba. Nilimeza kiburi, kikapita kwa shida, nikaenda.

"Hodi!"

"Nani?"

"Msaidizi wa mtaa."

"Sauti hiyo naijua. Sina shida mimi."

"Fungua, wifi. Nimekuja kwa wema."

"Wema wako ndio naouogopa."

Lakini alifungua. Nikapanda ngazi kwa mikogo, goti likagoma, nikaenda chini mzima mzima na fomu yangu. Wifi alinipata kwa kufuata makelele. Akanikokota ndani, akanikalisha, akaliosha goti kwa kupapasa na kulifunga kitambaa.

"Kaza zaidi! Si hapo, juu kidogo!"

"Nyamaza, mgonjwa."

Nikanyamaza. Mwenyewe nilishangaa. Akaniletea chai. Rafuni ile redio ilikuwa ikizungumza polepole, na machozi yakanitoka, wala si ya goti.

"Nimekukumbuka, wifi," nikasema.

"Na mimi je? Redio hii haijui hata kugombana." Akajipangusa uso kwa upande wa kanga. "Haya, lete hiyo karatasi nikuwekee saini. Nionyeshe mahali tu."

Ningemwonyesha mstari wowote, asingejua. Niliitazama ile fomu, nikatazama goti langu lililofungwa vizuri kuliko nilivyofundishwa kufunga mimi.

"Acha, wifi. Wa kutia saini ni mimi."

Saa sita kasorobo nilifika kituoni nikichechemea. Afisa ustawi, binti mpole wa miwani, aliisoma fomu mara mbili.

"Mama, kwa fomu hii msaidizi ni wifi yako. Kitambulisho ni chake."

"Kusoma najua," nikamjibu, nikatoka kabla hajaniona uso.

Jumatatu asubuhi mlango wangu ukagongwa. Alikuwa wifi, kitambulisho kifuani, karatasi mkononi.

"Nimepewa nyumba za kutembelea. Nisomee, ya kwanza ya nani?"

Nikasoma. Nikarudia.

"Yangu."

"Goti vipi?"

"Linaendelea vizuri."

"Basi hiyo tumemaliza. Ya pili?"

"Fundi viatu. Huyo mimi atanifukuza."

"Atakufukuza ukiwa na mimi? Vaa viatu, wifi. Bila macho yako sifiki popote."

Nilikuwa nimeshavaa.