Mpira Mpya wa Mlango

Mpira wa mlango wa gari kuukuu la Bibi Metrine ulikuwa umelika, na vumbi la barabara ya Hola likaingia hadi likamharibu kifua. Fundi Gollo wa Garsen akauchomoa, akapachika mpya, akamwambia aketi ndani aujaribu.

"Nakufungia, bibi. Ukisikia hata nzi wa nje, sema mimi si fundi."

Akafunga mlango, akaenda kuswali.

Kukawa kimya kama kisimani. Ndipo sauti ya upole ikatoka kiti cha nyuma, ambako hakuketi mtu.

"Kitendawili."

Mazoea yana taabu. Bibi alizoea kutegeana na wajukuu kila jioni, na mdomo ukatangulia moyo. "Tega."

"Nilikuwa na ufa wa kupitia, leo wameuziba."

Bibi hakugeuka. Jibu alilihisi, lakini vitu vingine ukivitaja umevikaribisha. "Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Ndiyo desturi, aliyeshindwa hutoa mji. "Nakupa Ozi."

"Huko ndiko nilikofukuzwa."

"Chukua Hola."

"Sitaki. Nipe kwako, kwa wajukuu."

Magoti yake yalishakataa safari, na gari ndilo lililokuwa miguu yake. Hata hivyo akafungua mlango taratibu, akateremka, ufunguo akauacha kitini.

"Mji wako ni gari hili."

"Nimefika," ikajibu sauti.

Mlango ukajifunga wenyewe. Mpira ulikuwa umekaza vizuri. Bibi hakusikia tena hata pumzi. Akashika njia ya nyumbani, akichechemea.