Siagi ya Taa

Chubwi, chubwi, chubwi.

Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikiniamsha kabla hakujakucha, mwaka ule wa 2016, katika fleti yetu ya Crystal, mji mdogo wa huku Amerika. Ilitoka upande wa pili wa ukuta. Siku ya kwanza nilipoisikia nilikaa kitandani nikalia kidogo, kwa sababu niliijua. Ilikuwa sauti ya maziwa yanayosukwasukwa. Kwetu, kwenye milima iliyo juu ya Uvira, mama yangu aliyasukasuka ndani ya kibuyu, amekaa chini na miguu ameinyoosha, na sisi watoto tuliamshwa na sauti hiyo hiyo.

Hapa aliyesukasuka alikuwa jirani yetu, Mama Yangkyi, mjane wa Kitibeti mwenye miaka themanini na moja. Yeye alitumia chupa kubwa ya kioo, akiitikisa juu ya mapaja yake.

Nilimpenda tangu majira ya baridi tuliyofika. Tulikuwa hatujui hata kuwasha hita. Aliona viatu vyangu vyepesi, nilivyotoka navyo kambi ya wakimbizi, nje ya mlango, na kesho yake nikakuta ndani yake soksi nene za sufu. Hakubisha hodi, hakungoja asante. Nilipojua ni yeye nilienda kumshukuru, naye akanipa chai yao ya chumvi na siagi. Sasa, kwetu mtu akikupa maziwa hubakizi. Kubakiza ni dharau. Nikamaliza kikombe. Akajaza. Nikamaliza. Akajaza. Siku ile nilikunywa vikombe saba, nikarudi nyumbani nikitembea kama mwenye mimba ya miezi tisa. Ilipita miezi kabla binti yake hajanieleza kwamba kwao kikombe cha mgeni hakiachwi kitupu. Aliyeshiba hukiacha kimejaa, akakinywa wakati wa kuaga.

Tuliongea kwa Kiingereza cha kuokoteza na kwa mikono. Kilitutosha.

Mwezi wa sita mwaka ule aliniambia habari mbili. Ya kwanza, mwanawe wa New York angekuja Agosti kumchukua akaishi naye, maana moyo wake ulikuwa umechoka na binti yake hapa alifanya kazi mchana na usiku. Ya pili ilihusu mume wake, Lhundup. Walikuwa vijana walipokimbia nchi yao kwa miguu, wakavuka milima ya theluji, naye akafia huko juu. Tangu hapo Mama Yangkyi alimwashia taa kila mwaka katika sikukuu yao ya katikati ya mwaka, na daima mahali palipo juu, kwa kuwa mumewe alifia mahali palipo juu. Hapa Amerika alikwenda kwa watawa wa Kibudha waliojenga nyumba ndogo kwenye milima ya Montana. Lakini daktari alisema baada ya mwaka huu asipande tena milima.

"Nataka kumwambia," alisema. "Taa ya mwisho. Asingoje tena."

Basi la watu wao liliondoka Alhamisi, na Alhamisi ile yeye alikuwa na miadi hospitalini. Aliporudi, nilimkuta amekaa juu ya kitanda, mkoba umefungwa tayari, mikono mapajani.

Nikamwendea mjukuu wangu, Héritière. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anauza viatu kwenye jengo kubwa la maduka kule Bloomington, na alikuwa amepewa likizo ya siku nne.

"Koko, Montana?" alisema. Koko ndilo jina wanaloniita wajukuu. "Unajua Montana iko wapi?"

"Sijui. Wewe ndiye mwenye simu."

Akacheka, akakubali. Binti yangu Générose ndiye aliyekuja juu.

"Mama, unakwenda kwenye sanamu? Wewe, mama wa kwaya?"

"Ninamsindikiza jirani."

"Na mchungaji akiuliza?"

"Mwambie nimemsindikiza jirani. Yeye mwenyewe alitufundisha nani ni jirani."

Générose akaenda jikoni. Alfajiri nilikuta amechemsha mayai kumi na mawili na kuyafunga vizuri, na sita ameyaandikia kwa kalamu: *Mama Yangkyi*.

Tulisafiri Ijumaa mchana kutwa. Sijawahi kuona nchi tambarare namna ile. Jua lilikosa hata pa kujificha. Mama Yangkyi alikaa mbele, akihesabu shanga zake za sala. Mimi nyuma niliimba nyimbo zetu polepole. Héritière aliendesha.

"Ninyi mabibi wawili," alisema, "mkitaka haja mseme pamoja. Siwezi kusimama kila dakika ishirini."

"Kibofu hakina mkutano," nilimjibu. Alipomfasiria Mama Yangkyi kwa Kiingereza, yule mzee alicheka mpaka shanga zikamdondoka.

Tulilala kwenye moteli ya barabarani, tukiwa tumebakiza saa tatu za mwendo. Taa zilitakiwa ziwekwe kabla ya saa sita mchana wa Jumamosi. Muda tulikuwa nao.

Nikaharibu mimi.

Asubuhi niliamka wa kwanza. Hewa ya kule ni kavu sana. Midomo yetu ilikuwa imepasuka. Miguu ya Mama Yangkyi ilitokeza chini ya blanketi, imevimba kwa safari, visigino vina nyufa kama udongo wa kiangazi. Nikaona uchungu. Katika kikapu cha chakula nikakuta kopo la siagi yake, safi, ya manjano, na harufu yake ikanirudisha nyumbani. Kwetu siagi ya ng'ombe ndiyo mafuta ya mwili. Bibi harusi hupakwa siagi, mtoto mchanga hupakwa siagi, na mzee aliyetoka safari hukandwa miguu kwa siagi na mtu anayemheshimu. Nilidhani ni ya njiani. Na taa ile aliyoisema, mimi nilifikiri ni taa ya mafuta ya taa.

Nikapiga magoti nikamkanda. Sikubania. Vidole, nyayo, visigino, mpaka kwenye magoti. Yeye alilala tu, anapumua vizuri. Kilichobaki nikampaka Héritière mikononi, maana alikuwa ameamka analalamika ngozi inamkwaruza, na mimi nikajipaka uso. Kopo likabaki tupu.

Mama Yangkyi alipoamka, alitazama miguu yake inayong'aa. Akatabasamu kwanza. Kisha akaliona kopo mkononi mwangu.

Hakupiga kelele. Alilichukua, akachungulia ndani, akaliweka juu ya meza.

"Hii taa," alisema. "Hii taa ya Lhundup."

Héritière akakaa naye kitandani, akamuuliza taratibu, akanieleza. Siagi ile ndiyo huwaka katika taa zao. Alikuwa ameitengeneza kwa wiki tatu, kila alfajiri kidogo, na kila alipotikisa chupa aliomba kwa jina la mume wake. Ndiyo sauti niliyokuwa nikiisikiliza kwa furaha nikiwa kitandani.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Koko, tutanunua siagi dukani," Héritière alisema. "Nimeshaona duka kwenye simu."

Mama Yangkyi alitikisa kichwa. Alisema, na Héritière akanifasiria, kwamba kule juu mume wake alipokuwa anakufa, hawakuwa na hata kipande cha siagi cha kumwashia. Alimwahidi akiwa amemshika kichwa: nitakutengenezea kwa mikono yangu. Miaka yote hiyo hajawahi kununua. Kisha akavaa soksi juu ya miguu ile ya mafuta, pole pole, akasema, "Haya. Twende. Tuone mlima tu."

Maneno yale, "tuone mlima tu", yaliniuma kuliko kama angenitukana.

"Mikono ipo," nilisema. "Yake ipo. Yangu ipo. Tunakosa maziwa na chupa tu."

Ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi. Mji wa karibu ulikuwa na duka moja. Tulinunua krimu ya maziwa, paketi mbili, lakini chupa ya kioo hawakuwa nayo. Mama aliyekuwa kwenye kaunta, mwanamke mkubwa mwenye kofia pana ya wachunga ng'ombe, alitusikiliza. Sijui alielewa nini. Alikwenda nyuma akarudi na chupa yake ya achari za matango, imebaki nusu. Akayala mawili, akamwaga mengine kwenye bakuli, akaiosha kwa maji ya moto mbele yetu, akaikausha kwa aproni yake. Kisha akainusa, akaiosha tena.

"Mtairudisha mkipita," alisema.

Tulianza kutikisa garini. Mwendo wa saa nzima, hakuna kitu. Povu tu.

"Imekufa hii," Héritière alisema. "Maziwa ya dukani, Koko, si ya ng'ombe wako."

"Endesha gari, mama. Wewe unajua viatu."

Nilikumbuka mama yangu. Maziwa yakiwa na baridi hayakubali. Nikaifungua blauzi, nikaiweka ile chupa tumboni, juu ya ngozi, nikaikumbatia na shuka niliyojifunika. Ilikuwa baridi nikatetemeka. Mama Yangkyi aligeuka kwenye kiti, akanitazama muda mrefu. Ndipo uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akanyoosha mikono yote miwili kati ya viti, akaibonyeza shuka ile ili joto lisitoke.

Tulipokaribia milima nikampa. Alitikisa yeye, akiomba kwa midomo. Alipochoka nikapokea. Alipopumzika nikamrudishia, kwa maana mikono iliyoahidi ni yake. Barabara ikawa ya mawe na gari likarukaruka, na Héritière akasema sasa hata barabara inasaidia. Kwenye kona moja sauti ikabadilika. Anayeijua haiachi impite: kutoka chubwi ikawa pwata, pwata. Sote wawili tulisema "Eeeh!" kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha yake.

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini tulipofika. Mlima ule ulikuwa umefungwa kamba kutoka mti hadi mti, na kwenye kamba vitambaa vya rangi tano vikipepea, vipya na vilivyochakaa. Watu walikuwa wakichoma matawi mabichi yenye harufu ya mwerezi, na moshi mweupe ulipanda moja kwa moja. Walikuwa labda mia moja, na wengi niliwajua kwa sura kutoka kule Crystal. Walipomwona Mama Yangkyi wakapiga kelele za furaha. Mwanamume mmoja alimbeba mgongoni kupanda ngazi za mawe, bila kuombwa, na yeye akiwa mgongoni ameishika chupa ya achari kama mtoto.

Mtawa mmoja wa kike aliiyeyusha siagi kwenye sufuria ndogo, akaimimina kwenye bakuli la shaba lenye utambi. Akasema kitu.

"Anasema inanukia tango," Héritière aliambiwa na msichana mmoja, akanifasiria.

Mama Yangkyi alicheka. Akawasha. Aliongea na taa ile kwa muda, si kama mtu anayesali, kama mtu anayeongea na mumewe jioni. Nilisimama mbali kidogo. Baadaye Héritière alinieleza maneno ya mwisho, kama alivyoyapata kwa yule msichana: "Siji tena hapa. Usinisubiri barabarani, nenda. Na mwaka huu tazama, miguu yangu ni mizuri."

Siagi ilikuwa imebaki. Mama Yangkyi alinigeukia na bakuli dogo.

"Jina?" aliuliza.

"Mimi ni mtu wa kanisa, dada."

"Basi omba ya kanisa. Jina?"

Ninaye marehemu mmoja, kifungua mimba wangu, Bonheur. Tulimzika kando ya njia tukikimbia, bila wimbo, na njia ile siwezi kuionyesha tena. Sikuwa nimelitamka jina lake mbele ya mtu kwa miaka mingi. Nililitamka. Nikawasha, nikasali Baba Yetu yote kwa Kiswahili, na Mama Yangkyi akasubiri nimalize, ameinamisha kichwa. Mikono yetu sote wawili ilinuka siagi.

Tukirudi tulisimama kwenye duka la yule mama wa kofia. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo chupa yake tuliijaza maandazi ya unga wa shayiri tuliyopewa mlimani. Alikula moja pale pale kwenye kaunta.

Agosti ilifika. Mwana wa New York alipakia masanduku, na sisi wawili tukanywa chai chumbani pasipo na kitu ila viti viwili. Kikombe changu nilikiacha kimejaa, kama mtu aliyefundishwa, nikakinywa niliposimama kuaga. Ndipo aliponipa ile chupa yake kubwa ya kioo, ya alfajiri.

"Kitupu," alisema, akiigeuza ili nione.

Alikumbuka nilivyosema kule dukani, kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nilimwambia kwamba chombo hiki basi kitarudi kwake na siagi ndani, ya mikono yangu.

Alinishika vidole, akavibonyeza kama alivyoibonyeza ile shuka garini.

"Usitume mtu," alisema. "Lete wewe. Njoo, ulale kwangu. Njoo tena na tena."