Asilimia Tatu

Mwalimu Amedeus alikuwa na ugonjwa mmoja: ukimwuliza kitu anakujibu ukweli wote, hata ule ambao hukuutaka. Alifundisha fizikia sekondari pale Mpanda, na likizo zote alikwenda Majimoto kumwona Upendo, mtoto wa marehemu dada yake Helena. Upendo alikuwa na miaka kumi na moja na tundu kwenye moyo. Akitoka nyumbani mpaka kisimani, midomo inabadilika rangi. Madaktari wa Dar walishampangia upasuaji mwezi wa pili.

Desemba hiyo redio ikatangaza kuna jiwe kubwa linazunguka jua, na huenda mwaka ujao, Desemba kama hiyo, likaigonga dunia. Baba yake Upendo, Lyamba, mkulima wa mpunga, akageuka. "Shemeji, ni kweli hayo?"

Mtu mwingine angesema achana nayo. Amedeus akachora chini. "Hii njia yetu kuzunguka jua. Hii ya kwake. Zinakatana hapa. Ni kama pikipiki mbili kwenye njia panda, hazigongani mpaka zifike kwa wakati mmoja."

"Na zitafika kwa wakati mmoja?"

"Leo wanasema asilimia moja."

Kesho yake Lyamba akauliza tena. Amedeus akatazama simu: asilimia mbili. Siku iliyofuata, tatu.

Jamani, si angekaa kimya! Maana Lyamba alikuwa na kipimo chake. Katika jaruba lake alisimika mti wenye mikato ya kisu, na kila masika alitazama maji yamefika mkato upi. Yakipanda siku tatu mfululizo habahatishi, anabomoa tuta maji yatoke asubuhi ileile. Kanuni hiyo ilimwokolea mpunga miaka ishirini. Sasa akaipeleka angani.

"Upendo haendi kupasuliwa," alisema.

"Shemeji, umechanganyikiwa?"

"Daktari mwenyewe alisema anaweza kufia mezani. Nimpeleke afe Februari, na mimi nimebakiwa na mwaka mzima wa kukaa naye? Tutakufa pamoja, nimemshika mkono."

Amedeus alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Alieleza kwamba namba hizi zina tabia ya kupanda kabla ya kushuka. Njia ya jiwe bado ni ya kukisia. Wataalamu wanapunguza eneo linakoweza kupita, na dunia ikiwa bado imo ndani, namba inapanda. Wakishalitazama siku za kutosha, kwa kawaida inaanguka hadi sifuri.

"Unaniapia itaanguka?" Lyamba akauliza.

Hapo ndipo pa kuapa, nyie! Mtu anaapa, mtoto anatibiwa, Mungu atasamehe. Amedeus akajikuna kichwa. "Siwezi kuapa. Nimesema kwa kawaida."

Februari ikapita.

Mwishoni mwa Machi namba ikawa sifuri. Jiwe lingepita mbali kuliko mwezi ulipo. Lyamba alicheka mpaka machozi yakamtoka, na siku hiyohiyo akaomba tarehe mpya. Ikapatikana ya Septemba.

Walisafiri watatu. Daktari alimpima Upendo, akampima tena siku ya pili, kisha akawaita wanaume pembeni. Mapafu yamesukumiwa damu nyingi kwa muda mrefu mno, yameharibika. Kuziba tundu sasa ni kumuua. "Mngekuja Februari," alisema, akaona nyuso zao, akaishia hapo.

Mchana ule Upendo alikaa kitandani wodini, baba yake akimmenyea chungwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu, lakini mtoto yule hakuwa mjinga.

"Mjomba, lile jiwe liko wapi sasa?"

"Linakuja kutupita, Desemba. Halafu litazunguka jua, litarudi huku kwetu baada ya miaka minne."

"Hiyo miaka minne, nitaliona?"

Daktari alikuwa amemtajia Amedeus miezi iliyobaki, na aliikumbuka vizuri sana. Moyo ulimuuma mpaka akaona aibu kusimama pale na mwili wake mzima.

"Utaliona," alisema. "Tutatoka nje wote, nikuonyeshe lilipo. Naapa."

Upendo akatabasamu, akapokea kipande cha chungwa.

Lyamba hakuinua macho. Kisu kilikuwa kimesimama mkononi mwake.

"Ndivyo ulivyotakiwa kuniapia mimi," alisema.