Sentensi Isiyojibiwa

Nyumba ya Mwalimu Jaffar, pale Kibokoni, ilikuwa na sheria moja iliyojulikana na kila mgeni aliyepanda ngazi zake kuja kujifunza Kiswahili: sentensi yenye kosa haijibiwi. Mwalimu hakuwa mtu wa kufoka wala kupiga meza. Mwanafunzi akikosea, yeye hunyamaza, akamtazama, akangoja. Mwanafunzi huirudia sentensi yake, akaibadili hapa na pale mpaka inyooke. Hapo ndipo Mwalimu humjibu, tena kwa upole, kana kwamba ndiyo kwanza asemeshwe. Madaktari, watafiti na mapadri kutoka Ulaya walipita mikononi mwake kwa njia hiyo, wakaondoka na Kiswahili ambacho hata wenyeji walikisikiliza kwa heshima.

Basi mjukuu wake Aqsa alipokuja kutoka Uswidi, alikozaliwa na kulelewa, Mwalimu hakuona sababu ya kuigeuza sheria. Faraz, baba yake binti, hakumsemesha mtoto lugha ya kwao hata siku moja. Babu ndiye angeiondoa aibu hiyo. Tena palikuwa na haraka. Bi Mejumaa, mkewe Mwalimu, alikuwa na maradhi ya presha yaliyokwisha kumlaza hospitali zaidi ya mara moja, naye hakujua lugha nyingine ila Kiswahili. Alilolitaka duniani lilikuwa dogo: azungumze na mtoto wa mwanawe kabla hajafumba macho.

"Aniambie hata uongo," alikuwa akisema, "madhali naufahamu."

Mwalimu alisimamisha ubao barazani juu, akaanza na ngeli. Asubuhi ngeli, alasiri vitenzi. Aqsa alikuwa mtoto mtiifu. Aliandika, akafuta, akaandika tena, na vumbi la chaki likamkaa kwenye nyusi.

Siku moja alikuja Mercy kumjulia hali Bi Mejumaa. Mercy alifunza wageni kule Ganjoni, na kazi yenyewe aliipokea kwa Mwalimu Jaffar zamani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wanafunzi wako wangali wanatembezwa sokoni kama watalii?"

"Wangali. Jana mmoja alibishana na muuza machungwa mpaka akapunguziwa bei."

"Kwa Kiswahili gani?"

"Kibovu, Mwalimu. Kibovu kabisa! Lakini machungwa tuliyala." Mercy akamtupia jicho binti aliyeinamia daftari. "Mwache na huyu aropoke kidogo. Sarufi itamkuta njiani."

"Utamfunza kuropoka wewe, na kuacha atamfunza nani?"

Mercy alitabasamu, akaingia ndani kwa Bi Mejumaa. Labda alikuwa na jibu, akamstahi.

Haikupita muda, Mwalimu akirudi kutoka msikitini baada ya sala ya alasiri, alisikia kicheko jikoni. Alisogea mpaka mlangoni. Bi Mejumaa alikuwa ameketi juu ya mbuzi, akikuna nazi, na Aqsa amechutama mbele yake.

"Bibi, mimi taka kaa hapo. Wewe choka."

"Sijachoka, mamangu. Haya, kaa. Lo! Shika kifuu vizuri, utajikuna vidole tuvitie mchuzini!"

"Vidole tamu, Bibi?"

Bi Mejumaa alicheka mpaka kanga ikamwanguka kichwani. Mwalimu hakukumbuka alimwona lini mkewe akicheka vile. Hata hivyo, masikio yake, yaliyozoea kazi moja umri mzima, hayakushika kicheko. Yalishika makosa.

"Mama Faraz, unamharibu mtoto."

"Namharibu vipi, Baba Faraz? Tunazungumza."

"Huko si kuzungumza. Ukimjibu akikosea, atakosea maisha yake yote. Usimjibu mpaka aseme sawasawa."

Bi Mejumaa aliitazama nazi iliyokunwa nusu. "Na mimi je? Mimi nangoja mpaka lini?"

"Mpaka amalize vitenzi."

Alikuwa mke wa mwalimu tangu ujana wake, hakuzoea kuipinga kauli ya mumewe mbele ya mtoto. Tangu siku hiyo, Aqsa akiingia jikoni na sentensi yake inayochechemea, bibi alibana midomo, akageuza uso kwenye sufuria. Binti alijaribu mara ya kwanza, akajaribu ya pili. Kisha akawa anaingia kimya, anaosha vyombo kimya, anatoka. Barazani, chini ya ubao, alifanya vizuri kupita mwanafunzi yeyote aliyetangulia, na Mwalimu aliwasimulia wazee wenzake habari zake kwa fahari isiyofichika.

Alfajiri moja walimkuta Bi Mejumaa ameanguka karibu na mtungi. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, kikamchukua na ulimi. Aliporejeshwa nyumbani, daktari alisema kwamba anasikia, na kwamba maneno huenda yakarudi, huenda yasirudi. Asubuhi moja jirani yao Rukhsana alipomsalimu, sauti ilimtoka kooni: "Mmh." Nyumba nzima ilifurahi. Aqsa alifurahi kupita wote. Alijifungia chumbani hadi adhuhuri, kisha akaja, akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa bibi yake.

"Bibi, nimejifunza lugha yako ili nizungumze nawe."

Mwalimu alikuwa mlangoni. Sentensi ilikuwa timamu. Bi Mejumaa alitazama dari, asitoe sauti.

Aqsa akangoja. "Bibi, nimejifunza lugha yako ili tupate kuzungumza."

Kimya.

"Bibi, nilijifunza lugha yako..." Uso ulianza kumwiva. Mwalimu akatambua mtoto anafanya nini. Alikuwa akitafuta kosa.

"Aqsa, sentensi yako ni sahihi."

"Ya kwanza?"

"Zote."

"Basi mbona hanijibu? Bi Rukhsana alijibiwa."

"Ni maradhi, mjukuu wangu. Wallahi ni maradhi."

Binti alimtazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu aliyempa alama za huruma, akarudi kwa bibi yake. Sasa sentensi zikaanza kumvunjikia mdomoni. "Bibi, mimi soma... mimi taka..." Mwalimu, ambaye hakuwahi kuombea kosa lijibiwe, aliomba hili lijibiwe, hata kwa kuguna. Halikujibiwa.

Ndipo Aqsa akalaza kichwa kifuani pa bibi yake, akaanza kusema Kiswidi. Alisema mbio, bila kusita, bila kurudi nyuma kusahihisha, huku machozi yakimtoka. Alisema mengi. Mwalimu Jaffar alisimama pale mlangoni, asielewe hata neno moja, wala asijue kama anayeambiwa anasikia. Hakuna aliyemgeukia kumfasiria.