Zaka ya Mzee Aliko

Kanisani kwetu Mpemba zaka husomwa kwa sauti. Sijui nani alianzisha, lakini ndivyo tunavyofanya Jumapili ya mwisho ya kila mwezi: bahasha zinafunguliwa ofisini, majina yanaandikwa, kisha mhazini anasimama mbele na kipaza sauti, anasoma jina na kiasi, jina na kiasi, mpaka mwisho. Mhazini ni mimi, mwaka wa saba sasa. Nimesoma elfu moja za wajane na laki za walimu, na kila mwezi namalizia na Mzee Aliko, kwa sababu Mchungaji Yesaya anapenda tufunge kwa vigelegele.

Mzee Aliko ana malori thelathini na mawili. Yanashusha shaba bandarini, yanarudi na mafuta na mbolea. Zaka yake ya Machi ilikuwa milioni kumi na nane na laki nne. Naikumbuka kwa sababu niliisoma mara mbili, mara ya kwanza nilidhani nimekosea sifuri. Na mtu asidhani mzee alikuwa anajionyesha. Anamwogopa Mungu kweli. Kuna mwezi mmoja alipunguza zaka, na wiki hiyohiyo lori lake likabiringika kwenye mteremko wa Senjele. Tangu siku hiyo hachezi na fungu la kumi. Msiba ukitokea, gari la kubeba jeneza ni lake. Mabati ya kanisa jipya, upande mmoja mzima, ni yake, na upande wa pili sote tulijua tunamsubiri yeye.

Mimi nina mgahawa kando ya barabara kuu, pale foleni ya malori inapofika mpakani kukizidiwa. Viti ishirini na vinne, sufuria kubwa nne, na Recho anayenisaidia kuosha vyombo. Siku nyingi nusu ya viti hivyo wanakaa inzi. Lakini foleni ikilala siku tatu, madereva wanajaa mpaka wengine wanakula wamesimama. Ofisa wa kodi alikuja siku ya foleni. Ni kijana mpole, anaitwa Ayoub. Alikula wali na maharage, akalipa, akahesabu viti, akahesabu watu, kisha akazidisha kwa mwaka mzima. Makadirio yangu ya kodi ya mwaka yakatoka laki mbili na nusu yakawa laki saba.

"Siku zote haziko hivi," nikamwambia. "Njoo keshokutwa uone."

"Keshokutwa niko Momba. Mama, mimi naandika tu. Kama hujaridhika, peleka pingamizi ofisi ya mkoa, Vwawa. Ila mwisho wa Juni ukifika hujalipa, tunafunga."

Mgahawa ukifungwa, mimi na wanangu tunakula nini? Sina shamba, sina mume wa kumwegemea, sina kingine. Nikaandika pingamizi. Nimekwenda Vwawa mara tatu. Mara ya kwanza mhusika yuko semina. Mara ya pili barua haionekani. Mara ya tatu nikaambiwa njoo Alhamisi mama, kuna kikao cha maoni ya wafanyabiashara, wakubwa wote watakuwepo, utasikilizwa. Nikavaa kitenge cha kwaya, nikabeba faili langu kwapani.

Kumbe kikao chenyewe hakikuwa cha watu wa viti ishirini na vinne. Swali lilikuwa moja: watu wenye kipato kikubwa sana watozwe kodi kwa kiwango gani? Mtaalamu mmoja akaeleza vizuri, hata mimi nikaelewa. Leo kiwango cha juu ni asilimia thelathini. Mwenye mshahara akishapita milioni moja kwa mwezi, kinachozidi hapo kinakatwa thelathini. Anayepata milioni mia mbili kwa mwezi, naye ni thelathini hiyohiyo. Wapo wanaosema huyu wa pili apandishwe, afike hata arobaini. Nyie wenzetu wa Songwe mnasemaje?

Aliyepewa nafasi ya kwanza ni Mzee Aliko, kwa niaba ya wasafirishaji.

"Mkitukamua, malori tutayasajili Nakonde, kule Zambia," alisema. "Ni kuvuka barabara tu." Watu wakacheka. "Mnatuona matajiri, lakini yale ni machuma yanayozunguka barabarani. Mwaka juzi nilifunga hesabu kwa hasara. Mwaka jana, hasara. Ofisi ya kodi ina makaratasi yangu, wanajua. Sasa mtu wa hasara unamtoza arobaini ya nini?"

Ukumbi ukapiga makofi. Nikageuza shingo kuwatazama wanaopiga. Erica wa duka la saruji, anayekaa benchi la tatu kanisani. Mzee Balthazar, mzee wetu wa kanisa. Walimu wawili wa shule wanaoimba kwaya, ambao mishahara yao inakatwa kabla hawajaiona. Wote hao walikuwepo zaka ya Machi iliposomwa. Walisimama. Erica ndiye aliyepiga kigelegele kirefu kuliko wote.

Sikukusudia kusema lolote. Nilikuja na barua ya viti vyangu. Lakini mkono wangu ukawa juu kabla sijauuliza.

"Naitwa Nesta, mama lishe wa Mpemba. Mzee Aliko namheshimu kama baba yangu. Nina swali dogo kwake. Fungu la kumi ni sehemu ya kumi ya nini?"

Nikaugeukia ukumbi. Nikaendelea.

"Mwezi wa tatu nilisimama mbele ya kanisa nikasoma zaka yake, milioni kumi na nane na laki nne. Humu ndani mpo mliopiga vigelegele, nawaona. Mtu mwenye hasara ametoa sehemu ya kumi ya nini? Mimi nimekadiriwa kwa viti. Viti! Mungu anaambiwa faida na serikali inaambiwa hasara, na kinywa ni kilekile."

Mzee hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Alinitazama kama mtu aliyevuliwa shati mbele za watu.

"Mama Tumpale," akasema polepole, "yale ni mambo yangu na Mungu wangu."

"Yalikuwa yako na Mungu kabla sijapewa kipaza sauti, baba."

"Kaa chini!" Mzee Balthazar alifoka. "Aibu gani hii!"

Mwenyekiti wa kikao akagonga meza. "Mama, tusichanganye dini na serikali. Zaka siyo hati ya mahesabu."

"Na viti vyangu ni hati ya mahesabu?"

"Hilo lako ni la dirisha namba nne, nje kule."

Wakapiga makofi tena, sijui makofi ya nini. Nilimtafuta Ayoub kwa macho, nikamwona mstari wa nyuma anaangalia viatu vyake. Nikatoka nje. Dirisha namba nne lilikuwa limefungwa.

Nilirudi Mpemba nimekasirika mpaka sikuweza kuonja mboga niliyopika mwenyewe. Nilikasirikia wale walimu wawili zaidi ya Mzee Aliko. Mzee alikuwa anatetea mali yake, sawa. Lakini wao walikuwa wanatetea nini? Mtu anakatwa thelathini, halafu anampigia makofi anayesema arobaini itamzidi, na anajua kabisa kwamba hata hiyo thelathini hailipi. Nilimuuliza mmoja wao alipokuja kununua chapati. Akasema, "Mama Tumpale, yule mtu anatusaidia." Akaondoka na chapati zake.

Pingamizi halikujibiwa. Wiki ya mwisho ya Juni niliuza viti kumi na viwili na sufuria mbili kwa mwenye baa mmoja mjini Tunduma, nikaongeza ada ya shule ya mwanangu Tumpale niliyokuwa nimeiweka, nikalipa laki saba. Mgahawa haukufungwa. Nilijifariji kwamba mwakani Ayoub atahesabu viti vichache.

Jumapili ya mwisho ya mwezi ikafika. Ofisini tulikuwa watatu, mimi, Mchungaji na Mzee Balthazar, na hakuna aliyenisalimia zaidi ya ilivyolazimu. Bahasha ya Mzee Aliko ilikuwa nyepesi. Nikaifungua. Ndani mlikuwa na noti moja ya elfu mbili na kikaratasi kilichokunjwa vizuri: *Mwaka huu nina hasara. Hii ni sadaka tu.*

"Umetuponza," Mchungaji akasema.

Nilisimama mbele nikasoma kama kawaida. Jina na kiasi, jina na kiasi. Nilipofika mwisho nikasoma, "Mzee Aliko, elfu mbili." Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilisikia benchi zikilia watu walivyogeuka, na hawakugeuka kumtazama yeye.

Kisha Mchungaji akatangaza. Mvua hazitatusubiri, upande wa pili wa paa lazima uezekwe, na mfadhili tuliyemtegemea tumemkera wenyewe. Wazee wamekaa wakaona kila nyumba itoe elfu themanini.

"Kila nyumba?" nikauliza nikiwa bado nimeshika kipaza sauti. "Na Mzee Aliko je?"

"Naye elfu themanini. Kila nyumba sawa, ndiyo haki."

Mzee Aliko akasimama kwenye benchi la mbele. Akatoa pochi, akahesabu noti nane za elfu kumi, akaja kuziweka mezani kwangu bila kunitazama. Wa kwanza kulipa! Kanisa zima likapiga makofi, na Erica akapata kigelegele chake.

Baada ya ibada nilikaa mezani kuandika majina ya nyumba, na Mzee Balthazar amesimama nyuma ya kiti changu. Bibi Getruda akaja zamu yake. Ni mjane, anauza mkaa kwa makopo pale karibu na mzani wa malori, na zaka yake ni elfu moja, haijawahi kukosa. Aliinama karibu na sikio langu.

"Mama Tumpale, ile karatasi ya Mzee Aliko, ya hasara. Na mimi nikikuletea ya kwangu, mtaipokea?"

Nilitazama vidole vyake vyeusi kwa vumbi la mkaa. Nilitaka kusema ndiyo. Balthazar alikohoa nyuma yangu, na watu kwenye foleni walikuwa wananitazama, wote walewale.

"Bibi," nikasema, "mimi naandika tu."

Nikaandika: Getruda, elfu themanini.