Mafiga ya Mwaisha

Jumamosi, tarehe saba Juni 1975, saa moja na robo asubuhi, Mwaisha binti Pili alimaliza kufagia uwanja wa nyumba yake katika Kijiji cha Tujitume, akaegemeza fagio ukutani, akayatazama mafiga yake matatu yakitoka jikoni. Lililotangulia lilikuwa lile kubwa lenye ufa. Yalipita kando ya mtungi bila kuugusa, yakavuka mfereji, yakashika barabara ya kwenda milimani. Yalikwenda polepole kuliko kuku mwenye vifaranga.

Jambo hilo halikuwa geni. Tangu familia ilipohamishwa kutoka Lugoma, huko juu Mgeta, mwezi Septemba wa mwaka uliotangulia, mafiga yalikuwa yakiondoka kila asubuhi, na kila adhuhuri Mwaisha aliyafuata na kuyarudisha kama mtu arudishavyo mbuzi. Majirani walimwelekeza yalikofikia, kisha wakaendelea na shughuli zao. Asubuhi hiyo hakuyafuata. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na magoti yalimuuma. Alitwaa sufuria na kikapu cha magimbi, akaketi kizingitini kuwasubiri wanawe, waliokuwa wameahidi kuja kwa likizo.

Walifika saa tatu kwa lori la dereva Maneno, ambalo hupanda milimani tupu na kushuka na mboga. Rehani, mwanawe wa kwanza, alikuwa mwalimu wa hesabu huko Mzumbe. Saada, bintiye, alikaa mjini, mtaa wa Mwembesongo, akikaanga vitumbua na kulea watoto wanne, ambao wote walikuwa nyuma ya lori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Msishuke. Mafiga yamekwisha tangulia."

"Yamefika wapi?" aliuliza Saada.

"Yatakuwa yamepita ghala la kijiji. Mwiteni mjomba wenu."

Mjomba Pazi, mdogo wake Mwaisha, alitoka nyumba ya pili akiwa amekwisha vaa kanzu. Rehani alimwamkia huku akitazama chini. Sababu ilijulikana na kila mtu.

Katika ukoo ule, ambamo ardhi na nyumba hurithiwa kwa upande wa mama, jiko halihamishwi mpaka mjomba ainame, ayataje majina ya wanawake waliopikia hapo wakafa, kisha anyanyue figa la kwanza. Siku ya kuhama, Mjomba Pazi alikuwa amekwenda kutafuta unga wa tambiko. Gari la serikali lilipiga honi. Rehani alikuwa amehutubia mikutano mitatu kuhusu maisha ya vijiji vya ujamaa, naye alitaka mama yake awe wa kwanza kuhama. Aliyatia mafiga yote katika gunia moja na kuyapakia mwenyewe. Hapo ndipo Katibu Kondo, msimamizi wa uhamisho, alipompa fomu iliyouliza ni watu wangapi wanaoishi mahali palipoachwa. Mwaisha alikuwa amekwisha kaa juu ya gari. Rehani aliitazama nyumba, hakumwona mtu ndani yake, na kwa kuwa alikuwa mkweli aliandika: Hakuna mtu. Akatia sahihi.

Tangu siku hiyo, hakuna aliyewahi kula chakula cha mafiga yale ambaye nyayo zake zilitulia. Rehani alifundisha akizunguka darasa mpaka wanafunzi wakaumwa shingo. Saada alihama vyumba mara tatu katika miezi tisa. Mwaisha alitaka jambo moja tu: azikwe Lugoma, kando ya mama yake. Ofisi ya kijiji ilimjibu kwamba mtu huzikwa alikoandikishwa.

Lori liliyakuta mafiga ng'ambo ya daraja. Maneno alitia gia ya kwanza na kuyafuata.

"Mwalimu," alisema baada ya saa nzima, "wewe ndiwe mtu wa hesabu. Kwa mwendo huu tutafika mwaka gani?"

"Keshokutwa, saa nne."

"Nilidhani utasema hujui. Walimu wa siku hizi wanajua kila kitu ila namna ya kubeba mawe."

Saada alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Rehani hakucheka, wala hakukasirika; alisogeza miguu tu.

Katika kizuizi cha barabarani cha kukagua mazao, mlinzi alitoka kibandani na kuuliza walichobeba.

"Hatujabeba kitu," alijibu Mjomba Pazi. "Yanakwenda yenyewe."

"Hakuna mahindi?"

"Hakuna."

Mlinzi aliinua mti, akangoja mpaka figa la tatu lilipopita, akaushusha. Kisha akauinua tena kwa ajili ya lori, maana kila kitu kilipaswa kupita kwa zamu yake.

Kila adhuhuri mafiga yaliacha barabara, yakajipanga pembeni na kungoja. Saada alikusanya kuni, akawasha moto, akapika. Watoto walikula wakitembea kuuzunguka moto, kwa sababu hakuna aliyeweza kukaa. Vyombo vikioshwa, mafiga yaliondoka yakiwa bado ya moto, na nyasi ziliungua katika mistari mitatu.

Jumapili saa nane mchana Maneno alizima gari. Siku hizo magari yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa hiyo, ili kubana petroli. Katazo halikuyataja mafiga, nayo yaliendelea kupanda. Familia ilishuka na kuyafuata kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka na njia ilikuwa kali. Mwaisha alikwenda hatua arobaini, akasimama. Rehani aliinama mbele yake akiwa amevaa suruali yake nzuri, naye akapanda mgongoni.

"Usinitikise," alisema Mwaisha. "Mimi si gunia."

"Mama, u mzito."

"Siku ile uliponihamisha kwa kalamu, sikuwa mzito."

Rehani alimweka sawa mgongoni. Alimbeba mpaka jua lilipozama, wakalala kwa binamu yao mmoja, na mafiga yakawasubiri uani mpaka asubuhi. Alfajiri alimbeba tena.

Walifika Lugoma Jumatatu, saa nne kasoro dakika tano. Nyumba haikuwapo. Mteremko wote, kuanzia kaburi la Pili, mama yake Mwaisha, hadi mtoni, ulikuwa umepandwa kabichi kwa mistari iliyonyooka, na katikati ya mistari alisimama Katibu Kondo, amevaa kofia ya jua.

"Shikamoo, mama," alisema kwa adabu. "Poleni kwa safari."

"Marahaba. Kabichi za nani hizi?"

"Zangu, mama. Mahali hapa hapakuwa na mtu, nami niliomba."

Mafiga yalipita baina ya miguu yake, yakaponda kabichi saba, yakajipanga mahali palipokuwa na jiko. Mjomba Pazi aliinama, akayataja majina: Pili, na mama yake Pili, na bibi yake Pili, mpaka jina la tisa. Aliligusa kila figa kwa unga. Mwaisha aliwasha moto na kubandika magimbi. Walipokula, nyayo zao zilitulia. Saada aliketi akanyoosha miguu, na watoto wote wanne walilala papo hapo. Katibu Kondo naye alipewa gimbi, kwa kuwa halikuwa jambo la heshima kumwacha amesimama.

"Katibu," alisema Rehani, "niliandika uongo. Nipe fomu niandike upya."

"Hukuandika uongo, Mwalimu. Nilikuwapo, nyumba ilikuwa tupu."

"Mama alikuwa juu ya gari."

"Fomu haikuuliza habari za gari." Katibu alimenya gimbi kwa uangalifu. "Tena ina nafasi ya sahihi moja, nayo imekwisha jaa. Mafiga haya, kwa mfano, yameandikwa kuwa mali ya kaya ya Tujitume. Tafadhali myarudishe."

Lori lilifika saa sita, likapakia mboga, likapakia mafiga. Safari hii Mjomba Pazi ndiye aliyenyanyua figa la kwanza. Mafiga yalitulia Tujitume kwa miezi kumi na miwili kasoro siku mbili. Juni iliyofuata yaliondoka, na familia ikakutana barabarani. Ikawa hivyo kila mwaka. Watoto wa Saada walipokua, walipoulizwa habari za likizo zao, hawakukumbuka nyingine.

Mwaisha alifariki mwezi Machi 1979. Alizikwa Tujitume, alikoandikishwa. Juni hiyo mafiga yalitoka saa moja na robo kama kawaida, na Mwaisha aliyafuata, akiwa na kanga yake ya kila siku, akatembea njia yote bila kubebwa. Wanawe walimwamkia, akaitikia. Mlinzi wa kizuizi alishusha mti baada ya figa la tatu, akauinua kwa ajili ya Mwaisha, akaushusha, akauinua kwa ajili ya lori.

Katibu Kondo alikuwa amekwisha zoea. Mwaka huo alimwita bwana shamba apime, na katikati ya kabichi aliacha uwazi wenye pembe tatu, unaotosha mafiga na sufuria moja, ili mazao yasipondwe tena. Alivua kofia, akamwamkia Mwaisha. Kisha alikaa juu ya jiwe na kujaza fomu ya mwaka ya shamba lake.

"Anaandika nini?" Mwaisha alimwuliza mwanawe.

Rehani alichungulia juu ya bega la Katibu.

"Watu wanaoishi hapa," alisoma. "Hakuna mtu."

"Mpe gimbi jingine," alisema Mwaisha. "Asiandike na njaa."

Aliketi kando ya kaburi la mama yake mpaka moto ulipozimika. Maneno alipopiga honi, alijikung'uta kanga, akaupanda mteremko hadi barabarani, akaingia mbele, karibu na dereva, kwa kuwa jina lake lilikuwa limeandikishwa Tujitume.