Bosi Ashuka Shimoni

Serikali ilipoamuru wakuu wa migodi washuke chini na kila zamu, mgodi mmoja wa makaa ya mawe huko Shanxi, China, ulimwona mkuu wake, Bwana Qiao, amevaa mabuti yanayong'aa. Fusheng, nyapara wa zamu, akamtazama miguu, akamwongoza kwenye lifti.

"Kengele ya kuonya gesi iko wapi?" Qiao akauliza chini shimoni.

"Ile pale, Bosi. Ndani ya mfuko wa plastiki, gesi isiifikie."

"Nani kaifunga?"

"Sisi. Ulisema ikitusimamishia kazi tena, hatulipwi."

Qiao akaamuru: "Ifungue."

Fusheng akautoa mfuko. Kengele ikalia papo hapo. Mtu wa kwanza kufika kwenye lifti alikuwa Qiao, na buti lake moja lilibaki kwenye matope.

Kesho yake Fusheng akaitwa ofisini, akavishwa kofia nyeupe ya wakubwa. Sasa ni naibu mkuu wa mgodi, na kazi yake ni moja: kushuka na kila zamu kwa niaba ya mkuu.

"Na ile kengele, Bosi?"

"Usalama ni jukumu lako sasa, Naibu," Qiao akasema kwa upole, akafungua droo na kumkabidhi mfuko mpya wa plastiki.